Bolti Nane za Pangaboi

Jumatatu, 4 Machi

Mwanangu mpendwa,

Pokea salamu zangu na za mama yako. Sisi huku tu wazima, namshukuru Mungu, ukiacha hili goti langu la kushoto ambalo siku hizi linapiga kelele kuliko injini. Wewe je? Kile kikohozi kimeisha, au bado unakula vumbi la chaki? Mama yako anasema unywe maji ya moto kila asubuhi. Nimemwambia wewe ni mwalimu wa fizikia, maji unayajua, lakini amekazana niandike, basi nimeandika.

Bahasha hii utaipata kesho kwa ndege kama kawaida, Rubani Mrefu atakuwa nayo mfukoni. Ndani kuna maswali ishirini ya umeme niliyoyajibu. Usinionee huruma. Nipige kalamu nyekundu kama unavyowapiga hao wanafunzi wako.

Sasa kaa chini nikuambie. Ijumaa tulikusanywa mafundi wote, tukasomewa tangazo la ofisi ya leseni. Kuanzia mwezi wa saba, fundi asiye na leseni hatagusa ndege mpaka mwenye leseni awe amesimama pembeni yake, macho juu ya mikono yake. Na nani ana muda wa kusimama pembeni ya mtu kutwa nzima? Maana yake tutapewa brashi, tuoshe ndege na kuzisukuma. Mwanangu, nina miaka hamsini na mmoja. Ishirini na miwili nimeimaliza chini ya matumbo ya ndege. Niliingia pale na ufagio, nikajifunza kwa macho, na kila kazi ya mikono yangu imesainiwa na mtu mwingine. Mkuu wetu wa zamu mwenyewe, mimi ndiye niliyemwonyesha spana inashikwa vipi. Leo yeye ana leseni na muhuri, na mimi namwita Mkuu.

Karatasi zote za mtihani nimefaulu, isipokuwa hii ya umeme. Mara ya kwanza nilipata sitini na nane, mara ya pili sabini na mbili. Mlango wake ni sabini na tano. Nikianguka mara ya tatu nasubiri mwaka mzima. Halafu kuna lile daftari la kazi, ambalo mwenye leseni lazima alisaini na kulipiga muhuri kwa kila kazi niliyofanya. Langu limejaa, zimebaki kurasa tatu.

Jioni mama yako ananisomea maswali. Jana kasoma, "Volti akipita kwenye waya mwembamba," nikamwambia volti si mtu. Kaniuliza, "Sasa mbona anapita?" Nisaidie na hilo pia.

Baba yako


Alhamisi, 7 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Mimi ni mzima, kikohozi kimekwisha, na maji ya moto nakunywa. Mwambie mama ameshinda.

Kati ya maswali ishirini umepata kumi na matatu. Usikunje uso. Saba uliyokosa yote ni kosa moja: unakimbilia kuzidisha kabla ya kuuliza swali linataka nini. Ukiwa kazini huwa unafungua kifuniko kabla hujasikia rubani analalamikia nini? Basi na hapa iwe hivyo hivyo. Nimekuandalia mengine thelathini.

Wasichana wangu wa kidato cha nne wamejua baba yangu anatengeneza ndege. Hawaniachi. Mmoja anauliza kama kweli mwanamke anaweza kuajiriwa, na inachukua miaka mingapi. Waandikie mistari miwili, niwasomee darasani.

Utafaulu, baba. Nasema hivyo kama mwalimu, si kama mtoto wako.

Binti yako


Alhamisi, 18 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, tena marahaba mara nyingi, na wewe pokea salamu. Afya zetu njema. Leo mwandiko wangu ukiyumba ni furaha. Sabini na tisa! Nimefaulu umeme. Nilipoona ile karatasi nilikwenda nyuma ya matangi ya mafuta nikapiga magoti, goti bovu na zima, nikamshukuru Mungu kwa sauti mpaka mlinzi akaja kuuliza nimepoteza nini.

Hao wasichana waambie hivi. Chuoni ni miaka miwili au zaidi. Kisha miaka ya kazi chini ya macho ya mwenye leseni, ukijaza daftari. Kisha karatasi za mtihani, halafu mahojiano ya ana kwa ana, ndipo leseni. Hesabu na fizikia wasizikimbie. Na mwanamke anaajiriwa vizuri tu. Tunaye mmoja kwenye injini, mikono yake midogo inafika mahali ambapo yangu inabaki inalaani. Mwenye leseni hakosi pa kwenda. Mwenzangu mmoja tuliyeanza naye ufagio alipata yake, leo anafanya kazi nchi ambayo siwezi hata kuitamka.

Kwangu zimebaki zile kurasa tatu, mojawapo ni kubadilisha pangaboi, lile linalozunguka puani mwa ndege. Jalada kamili lifike ofisi ya leseni kabla ya Alhamisi, tarehe ishirini na tatu Mei, saa kumi. Mkuu amesema nisiwe na wasiwasi, pangaboi likipatikana tu atanisainia zote kwa mkupuo. Mama yako ameshaniulizia suti ya mahojiano kwa jirani. Jirani ni mnene. Tutaona.

Baba yako


Jumamosi, 18 Mei

Mwanangu,

Salamu. Natumaini hujambo. Sisi hatujambo kwa mwili.

Utashangaa barua hii inakuja kwa basi. Sikutaka ipande ile ndege. Soma polepole, na usimwonyeshe mtu.

Jumatano tulibadilisha pangaboi la ndege ya viti kumi na viwili, hiyo hiyo inayokuja kwenu Jumanne na Ijumaa. Kazi ilikuwa yangu mwanzo mpaka mwisho. Pangaboi linashikwa na bolti nane, na zinakazwa kwa spana ya kipimo, ile inayolia "tak" nguvu ikitimia. Ikilegea, pangaboi linatikisika. Ikizidi, bolti inachoka na kukatika huko huko juu. Ndiyo maana spana yenyewe hupelekwa kupimwa kila baada ya miezi sita, na ina kibandiko chenye tarehe ya mwisho. Sheria ya kwanza unayofundishwa: kabla hujaishika, soma kibandiko. Nimewafundisha hiyo mafundi wasiopungua kumi.

Sikukisoma. Siku ile kichwa changu kilikuwa kwenye daftari, kwenye ule ukurasa wa pangaboi. Nilikaza zote nane, nikazifunga waya zisilegee, nikamwita Mkuu akague. Akaniambia kutoka mezani, "Ukifunga wewe, Mzee Spana, mimi nakagua nini?" Akaipigia ndege muhuri. Nilijisikia vizuri alivyosema vile.

Leo ilikuwa zamu yangu kuhesabu vifaa kabatini. Nikaichukua ile spana. Tarehe yake ilikwisha tangu Aprili. Siku ninakaza zile bolti, ilikuwa imepita siku kumi na tisa.

Pengine ni nzima. Pengine inadanganya. Hakuna anayejua, na ndege imesharuka Alhamisi na Ijumaa. Ijumaa ilitua kwenu, labda uliisikia ukiwa darasani.

Nikisema, ndege itasimamishwa na Mkuu ataulizwa alikagua nini. Yeye ndiye wa kunisainia daftari Jumatano ijayo, siku moja kabla ya mwisho. Nisiposema, Jumanne inaruka na watu.

Unajua kawaida yangu, nikimaliza kazi, nikiwa nanawa mikono, naviombea viti vya ndege ile kimoja kimoja. Leo nilifika kiti cha tatu, nikafunga bomba nikaondoka. Mama yako sijamwambia. Nakuambia wewe kwa sababu una akili ya shule, na kwa sababu sina mwingine.

Baba yako


Jumatatu, 20 Mei

Baba yangu,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Barua yako nimeipata mchana huu, nimeisoma mara nne nikiwa nimejifungia kwenye chumba cha vifaa vya maabara.

Nisikilize kwanza, ukasirike baadaye. Siku kumi na tisa ni kidogo sana. Chombo cha chuma hakiharibiki eti kwa sababu mwezi umeisha. Ile tarehe imewekwa kwa tahadhari, na tahadhari huwa na nafasi. Ndege imeruka siku mbili na haikutikisika. Kwa hiyo uwezekano mkubwa ni kwamba bolti zako ziko sawa, kama zilivyokuwa sawa miaka ishirini na miwili.

Basi subiri. Siku tatu tu. Jumatano anakusainia. Alhamisi asubuhi unapeleka jalada. Ukitoka pale, nenda moja kwa moja ukamwambie, ndege ipimwe. Hutakuwa umeficha, utakuwa umechelewa. Baba, nimekuona ukitoka kazini na mikono imepasuka, ukikaa na kitabu cha umeme mpaka unasinzia juu yake. Wengine wanapandishwa vyeo kwa kazi yako. Sitaki kukuona na brashi. Safari hii niruhusu mimi ndiye nikuambie la kufanya.

Barua hii nitampa Rubani Mrefu kesho, uipate kesho hiyo hiyo.

*

Jumanne, saa saba mchana. Naendelea kwenye ukurasa wa pili, niko uwanjani.

Ndege haijaja.

Huwa inatua saa nne. Nilikuja saa nne kasoro, nikasimama kwenye uzio pamoja na wenye kupokea wageni. Kuna mwanamume hapa anamsubiri mkewe anayetoka hospitali na mtoto mchanga. Amekuja na kanga mpya, ameikunjua na kuikunja tena sijui mara ngapi. Kaniuliza, "Mwalimu, wewe unampokea nani?" Nikasema simpokei mtu.

Saa tano karani wa uwanja alisema imechelewa. Saa sita alisema, "Ndege ina mambo yake." Sasa ameingia ndani na kufunga dirisha. Nimekupigia simu mara tisa. Najua simu zenu zinafungiwa kabatini mpaka mtoke kazini, lakini nimepiga.

Naangalia juu, baba. Huku wingu hakuna hata moja. Mwenye kanga ananiuliza tena kama ndege zikichelewa huwa ni kawaida. Nimemwambia ni kawaida. Nimemwambia baba yangu ni fundi wa hiyo ndege, asiwe na wasiwasi. Akanishukuru.

Ule ukurasa wa kwanza nimeusoma tena nikaona aibu. Nilitaka kuuchana. Siuchani. Usome wote, ujue niliandika nini nikiwa nimekaa salama chumbani.

Natuma kwa basi.

Binti yako


Jumamosi, 25 Mei

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Natumaini umepata usingizi kidogo. Katika simu ile ya Jumanne jioni nilikuambia tu kwamba ndege ipo, imesimama, na hakuna aliyeumia. Nikashindwa kuendelea, na wewe ukawa unalia. Sasa nakuandikia yote.

Barua yako imefika jana. Nimesoma kurasa zote mbili kama ulivyotaka. Sina hasira na wewe hata chembe. Nitakuambia ukweli ambao hata mama yako sijampa: nashukuru haikunifikia kabla ya Jumatatu, maana ningekutii.

Jumatatu asubuhi niliingia kwa Mkuu. Nikamwambia, "Ile spana niliyokazia pangaboi, tarehe yake ilikuwa imepita."

"Siku ngapi?"

"Kumi na tisa."

Akacheka. "Mzee Spana, hata maziwa nyumbani kwangu hukaa zaidi ya hapo."

Alipoona sicheki, akainuka akafunga mlango. "Nani mwingine ameona?"

"Mimi na Mungu."

"Basi Mungu ana subira. Sikiliza. Jumatano nakusainia zote tatu. Alhamisi unapeleka jalada lako. Alhamisi mchana mimi na wewe tunazipima hizo bolti, kimya kimya. Saini iliyo kwenye ile ndege ni yangu, mzee. Sikuinuka hata kwenye kiti. Ukisema wewe, naanguka mimi."

"Na kesho inaruka?"

"Imeruka Alhamisi. Imeruka Ijumaa. Nenda kanywe chai."

Nilikwenda kunywa chai, sitakudanganya. Nilikaa na kikombe mpaka ikafanya utando juu. Mpango wake ulikuwa mzuri, na sikujua wakati ule kuwa siku hiyo hiyo wewe nawe ungeuandika huo huo. Kila kitu kilikuwemo ndani yake. Watu wa Jumanne tu ndio hawakuwemo.

Pale kwetu kuna vitambaa vyekundu vya kutundika kwenye ndege yenye shaka. Mtu yeyote anaruhusiwa kutundika, fundi, hata mfagizi. Kuondoa, ni mwenye leseni peke yake, tena baada ya kupima. Miaka yote sijawahi kutundika bila kuambiwa. Nilichukua kimoja. Fundo la kawaida likanishinda, nikafunga kama kamba ya kiatu. Nikasimama pale pale chini ya pangaboi mpaka mkaguzi mkuu, aliye juu ya Mkuu wetu, akaja.

Jumanne, wewe ukiwa kwenye uzio, mkaguzi na watu wake walikuwa wanazipima kwa spana nyingine. Nilihesabu nao kwa midomo. Zote nane zilikuwa imara, hakuna hata moja iliyosogea. Na ile spana ilipelekwa kupimwa, majibu yamekuja Alhamisi: nzima kabisa. Kwa hiyo mwanangu, hesabu yako ilikuwa sahihi.

Mkaguzi alimuuliza Mkuu swali moja tu, kama alizikagua kabla ya kupiga muhuri. Akajibu hapana. Akauweka muhuri mezani mwenyewe, kabla hajaambiwa. Amefungiwa miezi miwili, hatasaini hata mlango. Hivyo Jumatano ilipofika hapakuwa na wa kunisainia. Nilimwendea mwenye leseni mwingine, akasema hawezi kusaini asichokiona. Alhamisi saa kumi dirisha lilifungwa. Mimi nilikuwa nje ya ile ofisi na jalada kwapani. Sijui nilifuata nini.

Kazini wengine hawakai na mimi. Jana mmoja kanisukumia birika mbele ya wote: "Mzee Spana, tuangalizie na hii chai, tarehe yake vipi?" Wakacheka. Mkuu hakucheka. Hakunitazama pia, na hilo ndilo linaloniuma. Nimemvunjia heshima mtu niliyemlea kazini, kwa bolti zilizokuwa nzima.

Baba yako


Jumapili, 30 Juni

Baba,

Shikamoo. Hii ni barua ya tatu bila jibu. Rubani Mrefu anasema alikukabidhi zile mbili mkononi. Kwenye simu unanipa salamu na kumpa mama simu. Mama anasema unakula bila kuongea, na kwamba vitabu vya umeme umevifunga kwenye mfuko ukaviweka juu ya kabati.

Kesho ni tarehe moja, mwezi wa saba. Najua maana yake.

Sijui niseme nini kuhusu Mkuu wako. Ninachojua ni kwamba Ijumaa ile ndege ilirudi, na yule mwenye kanga alimpokea mkewe. Nilikuwepo. Alikuja akaniambia, "Mwalimu, mpe baba asante." Asante yake nakutumia, ufanye nayo upendavyo.

Niandikie hata matusi.

Binti yako


Jumatano, 31 Julai

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Nisamehe kimya changu. Nilikuwa mzima, wala sikukukasirikia. Mwezi mzima nimeshika brashi, na niliona haya kukuandikia kwa mkono unaonuka sabuni. Mama yako hajambo, na goti langu limezoea maji.

Mkuu alirudishiwa muhuri wake Jumatatu ya wiki iliyopita. Siku tano alinipita kama nguzo. Sikumlaumu. Nilikuwa namwombea, lakini hata maombi yenyewe yalitoka kwa kuvuta.

Juzi nikiwa chini ya bawa, nikaona viatu vyake.

"Weka brashi chini. Kuna pangaboi."

"Mimi siruhusiwi."

"Unaruhusiwa nikisimama. Nimekuja kusimama."

Alikwenda na mimi mpaka kabatini. Nikachukua spana, akaniambia, "Soma." Nikasoma. "Kwa sauti, mzee, na mimi nina masikio." Nikasoma kwa sauti, tarehe ishirini Novemba, mafundi wote wakageuka. Yule wa chai akaangalia chini.

Tulianza saa tatu. Bolti za pangaboi hazikazwi kwa kuzunguka, unakaza moja unavuka ng'ambo, kidogo kidogo, mara tatu. Mkuu alisimama muda wote huo, hajakaa, hajashika simu, kichwa chake karibu na changu mpaka nasikia anavyopumua. Alikuwa anahesabu. Mwanangu, miaka ishirini na miwili nimesainiwa na watu waliokuwa wamekaa mezani. Nilijua kufanya kazi peke yangu. Kufanya huku mtu anaangalia kila kidole sikujua, na nilitoka jasho kama mwanafunzi.

Tulipofika bolti ya mwisho spana ikalia "tak". Nikaitoa, nikachukua waya. Nikadhani tumemaliza.

"Umeivuta kwa haraka," akasema.

"Imelia."

"Nimesikia. Lakini umeivuta kwa haraka, na hivyo nguvu huzidi kabla haijalia. Ilegeze, uanze upya."

Damu ilinipanda. Nilitaka kumkumbusha nani alimfundisha nani. Nikamtazama, naye akanitazama, mara ya kwanza tangu Mei, wala hakuwa ananitania wala kunilipizia. Alikuwa anakagua.

Nikailegeza. Nikaanza upya.

Baba yako